Kisanduku cha Bikira Maria

Jumamosi, 24 Julai 1976

Aibu leo. Aibu tupu!

Nilialika watu saa kumi waje kuusikiliza Mtambo. Balozi wa nyumba kumi kaja. Mkewe kaja. Hatibu, jirani yangu, kaja na kiti chake mwenyewe, mwenye dharau yule, kana kwamba kwangu hakuna viti. Paskalia, mke wangu, kakaanga karanga na kuazima vikombe.

Mtambo wenyewe ni huu. Amplifaya niliyoipata mnadani, ulipofungwa ule ukumbi wa dansi karibu na stesheni. Spika mbili, kila moja ina kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Na mashine ya kuchezea santuri, nyembamba, ya kisasa, niliyoachiwa na mtaalamu wa Kidenmaki mkataba wake ulipokwisha. Ofisini wote wanajua nilivyombembeleza yule Mdenmaki. Hakuna mtu mtaa mzima wa Mafiga, hapa Morogoro, mwenye vyombo kama hivi. Hatibu ana radiogramu tu, kabati la miguu minne ambalo kila kitu kimo humo humo, kama jeneza.

Nikaweka santuri. Nikashusha sindano. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Mbu! Mbu ndani ya chupa! Huko mbali kuna mtu anaimba, hujui ni mwanamume au mwanamke. Besi hakuna kabisa. Balozi akakohoa, kikohozi chake kikameza ubeti mzima. Hatibu akauliza, kwa upole kabisa, kama Mtambo unaumwa. Watu wakaangua kicheko. Paskalia naye kacheka. Aliziba mdomo kwa kiganja lakini nilimwona.

Hawajamaliza hata kuondoka, Hatibu kafungua radiogramu lake. Ukuta wangu ukatetemeka. Paskalia akachukua ungo wake wa mchele, akaenda kukaa ng'ambo ya ukuta, chini ya dirisha la Hatibu. Nikamuuliza anatafuta nini kule. Akanijibu kuwa kule kuna kivuli. Jua limekwisha kuzama! Kivuli gani?

Mimi na Paskalia tulikutana dansini, ukumbi ule ule, amplifaya ile ile. Alikuwa anacheza mpaka viatu vinakatika. Nataka akae upande wangu wa ukuta, basi. Haja yangu yote ni hiyo, wala sijui ni nani hapa mjini wa kunielewa.

Jumatatu, 26 Julai

Nimemleta fundi Kibwana. Kanywa chai yangu kwanza, tena yenye sukari, ndipo akakumbuka kilichomleta. Akaweka sikio kwenye spika kama daktari anayesikiliza kifua.

Kasema Mtambo hauumwi, una pengo. Sindano ya Mdenmaki ni ya sumaku, sauti inayoitoa ni changa mno. Amplifaya yangu imezoea magitaa ya umeme, inataka sauti iliyokwisha kukua. Katikati yake panatakiwa kisanduku cha kuilea ile sauti, kuipa nguvu na besi yake, ndipo iende kwenye amplifaya. Kisanduku hicho kinaitwa priamplifaya, na hukaa peke yake.

Nikamuuliza kinapatikana wapi. Alicheka mpaka akapaliwa. Kasema sukari yenyewe tunapanga foleni, sasa mimi nataka priamplifaya? Kasema maduka ya Dar es Salaam yamebaki na kandambili za mguu wa kushoto. Nikamwambia basi anichoree nikijue. Akakichora nyuma ya pakiti ya sigara: boksi la bati, vifundo vinne mbele, matundu nyuma, na ndani yake valvu, zile taa ndogo za kioo.

Nikatazama kichoro. Moyo paa!

Nakijua kisanduku hiki. Nimekipigia magoti mara ngapi!

Kipo Mgeta, milimani, kwa Mzee Lukasi, mjomba wa Paskalia. Mzee alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja wa mkonge, huko upande wa Dumila. Mashamba yalipotaifishwa, Mgiriki alipakia kila kitu garini akaondoka. Hiki hakikuenea. Akampa mzee, eti ndicho kiinua mgongo chake kwa kumpikia miaka yote ile. Mzee akakipandisha mlimani, mahali ambapo umeme haujafika wala hakuna anayeungoja, akakiweka pembeni sebuleni, akakitandika kitambaa cha kudarizi, akamsimamisha juu yake Bikira Maria. Hapo ndipo ukoo mzima unaposalia rozari. Na mimi nimo, kila Krismasi, pua yangu imeelekea kwenye vile vifundo vinne!

Jumapili, 1 Agosti

Tumepanda lori la kabichi mpaka Mgeta. Ukungu, baridi, meno yanagongana. Nimebeba sukari, sabuni na heshima zote.

Hapa lazima niandike jambo lisilonipendeza. Nyumba ya Mafiga si yangu. Sisi Waluguru mali hufuata upande wa mama. Nyumba ile ni ya lukolo, yaani ukoo wa akina Paskalia, na Mzee Lukasi ndiye aliyetuweka humo, wakati ndugu zangu mimi walinifungia mlango. Mkwe akiharibu, anatoka na mkeka wake. Ndiyo maana kwa mzee yule mimi huwa nazungumza nikitazama vidole vya miguu yangu.

Nikampa shikamoo. Nikampa sukari. Nikazunguka, nikazunguka, mwishowe nikalitoa: kwamba Bikira Maria anastahili mahali pa heshima zaidi kuliko bati la Mgiriki, na mimi niko tayari kulibeba hilo bati nimwondolee mzigo.

Mzee akanitazama sana. Kakonda, anakohoa. Akasema Mama huyu hajasogezwa tangu siku alipomweka pale, na hatasogezwa mpaka yeye mwenyewe mzee asogezwe. Kisha akaniuliza kama nimekula. Akanipa kabichi.

Njiani Paskalia kaninong'oneza, kwa ukali, kuwa nimemtia aibu. Kuna mtu mwenye akili timamu anayeomba kiti cha Bikira Maria? Nilipakata kabichi langu mpaka Mafiga.

Jumatano, 4 Agosti

Akili yangu haijalala. Jumatatu nilimwendea seremala, akanitengenezea kimeza kidogo cha mninga, kimepigwa msasa hadi kinang'aa. Nikakipeleka Mgeta kwa lori, pamoja na ujumbe kuwa ni nadhiri yangu kwa Bikira Maria, asimamishwe juu yake. Nikawaza hivi: Mama akihamia kwenye mninga, bati linabaki bila kazi, na kitu kisicho na kazi hakinyimwi mtu.

Leo majibu yamekuja kwa mwenye lori. Mzee Lukasi kashukuru mpaka machozi yakamtoka. Kakiweka kimeza kando ya kitanda chake. Anawekea dawa zake za kikohozi, na jioni anapumzishia miguu.

Miguu! Mninga wangu!

Paskalia, kwa upande wake, kaamini kuwa nadhiri ni ya kweli. Kanipikia kuku. Kaniambia kumbe nina moyo, ila naufungia kabatini. Kakaa na mimi barazani mpaka giza limeingia, kaweka miguu yake juu ya yangu, ananisimulia habari za utoto wake. Hatibu kafungua radiogramu, lakini yeye hakuinuka. Ajabu. Mtambo wenyewe sikuwa nimeuwasha. Nilimwitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku nikipanga la kufanya.

Ijumaa, 6 Agosti

Mzee Lukasi amefariki alfajiri.

Nimelia. Nasema kweli, nimelia mpaka kamasi. Alitupatia nyumba bila kuniuliza nina nini. Paskalia kagaagaa sakafuni. Hatibu na mkewe wamekuja haraka, mkewe kamshika Paskalia, Hatibu kaenda kututafutia lori.

Nikawa nakunja shuka la safari. Ghafla maneno ya marehemu yakanirudia: hatasogezwa mpaka yeye mwenyewe asogezwe.

Nikaketi juu ya shuka.

Ukoo wangu na ukoo wa Paskalia ni watani, tangu enzi za mababu. Msibani mtani ana haki zake. Anamtukana marehemu na watu wanacheka. Analala kitandani kwake, anavaa koti lake. Na anachukua kitu chochote kinachompendeza, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Wafiwa wanakikomboa kwa kuku. Kitu alichochukua mtani hakirudishwi hivi hivi, lazima kikombolewe. Sasa, na mtani akimkataa kuku? Nani wa kumlazimisha?

Ipo shida ndogo. Mimi vilevile ni mkwe. Mkwe msibani hupasua kuni, huinamisha kichwa, mama mkwe akipita yeye huhama njia. Ukishaoa, utani na wakwe zako unauweka chini. Ndivyo wanavyosema. Lakini mimi sijawahi kuuona mahali ulipowekwa.

Jumapili, 8 Agosti

Ninacho! Kiko mezani, mbele yangu, naandika nikikigusa.

Mazishi yalikuwa jana. Niliwaangalia watani wengine kwanza. Kulikuwa na bibi mmoja kavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai sukari iliyoletwa na yule mkwe wa mjini imeishia wapi. Watu wanacheka huku wanalia. Nikasema moyoni, sasa.

Nikasimama katikati ya sebule. Nikatangaza kwamba leo mimi si mkwe, leo mimi ni mtani. Hawakusikia, nikarudia. Nikarudia tena, kwa sauti ya juu, ili baadaye asiwepo wa kusema hakusikia. Mtu mmoja alicheka, na huyo alikuwa mimi.

Nikapita mbele ya mama mkwe, Bi Yuliana, bila kuinama. Nikazima mishumaa. Nikamwinua Bikira Maria, nikamweka sakafuni. Ningemweka wapi? Kimeza changu cha mninga kilijaa chupa za dawa! Nikatoa mzaha wangu niliouandaa kwenye lori, kwamba mzee aliahidi Mama atasogea siku yeye akisogezwa, na ahadi ni deni, haya, tumelipana. Mzaha mzuri kabisa. Pengine baridi iliwazuia kuuelewa.

Mama mkwe kajifunika uso kwa kanga. Gabrieli, kaka yake Paskalia, ambaye sasa ndiye aliyekalia nafasi ya mjomba, kaondoka kitini kama mshale. Mzee mmoja akamvuta shati, akamkalisha. Mtani hakasirikiwi! Utamu ulioje! Kaketi pale, taya linacheza, hana la kufanya.

Paskalia kanitazama. Kabaki kule kwa ajili ya matanga, na mimi nimeshuka na lori, kisanduku mapajani, nimekifunika shuka kama mtoto mchanga.

Niligeuka nyuma kila kona. Hakuna aliyenifuata na kuku. Wamesalimu amri.

Jumanne, 10 Agosti

Kibwana kakifungua kisanduku, akapiga mluzi. Ndani kumejaa nta ya mishumaa! Miaka yote ile wanawasha, inadondoka, inapenya matundu. Kaikwangua kwa kijiko changu cha uji. Katoa pia punje za rozari na mjusi mkavu. Valvu moja imekufa, lakini anayo nyingine kwenye makorokoro yake. Kachukua saa yangu ya ukutani badala ya malipo. Ichukuliwe. Mwenye Mtambo ana haja gani ya kujua saa?

Wakati anakwangua kaniuliza nimekipata wapi. Nikamwambia ni urithi. Akaitazama ile nta, akanitazama mimi, akaendelea kukwangua.

Sijapata habari yoyote ya Paskalia. Nakula mkate na kitunguu.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku ya siku!

Kibwana kaunga waya wa mwisho saa tisa alasiri, akaondoka upesi, hakutaka hata chai. Nikawasha. Valvu zikaanza kuwaka taratibu, nyekundu, moja baada ya nyingine. Nta iliyosalia ikapata joto, nyumba nzima ikanuka kanisa. Nikaweka santuri ile tuliyokuwa tukiicheza mimi na Paskalia. Nikashusha sindano.

Mama yangu!

Ngoma imenipiga kifuani. Besi inatembea chini ya sakafu. Nimemsikia mpiga gitaa akihamisha vidole kwenye nyuzi! Nimemsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba! Nimelia tena, wiki hii sijui nina nini. Nikaita, Paskalia, njoo usikie! Nikageuka dirishani. Kumbe hayupo.

Nikafungua madirisha yote na mlango, angalau Mafiga isikie. Mafiga ikasikia. Watu wakajaa kwenye ua. Radiogramu la Hatibu kimya, halithubutu hata kukohoa. Nikatoka barazani kupokea sifa zangu.

Hatibu kaja mwenyewe. Kavua kofia. Kasema kwa sauti ya chini kuwa radiogramu lake hajaliwasha tangu Ijumaa ya wiki jana, kwa sababu nyumba ya jirani ina msiba. Kasema mtaa mzima umezima redio, hata kigoma cha watoto kimewekwa ndani. Kaniuliza kama nina habari kuwa mke wangu bado yuko matangani. Nyuma yake balozi anatikisa kichwa. Muuza maziwa naye anatikisa kichwa. Wanawake wawili wa Mgeta, ambao Paskalia huuza nao njegere sokoni, wamesimama na vikapu vyao, wananitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani.

Wivu! Nimemwambia Hatibu wazi, huo ni wivu wa mtu mwenye kabati. Nikafunga mlango, nikageuza santuri upande wa pili.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Leo kule juu wana maandamano.

Sokoni nimesikia kuwa Bikira Maria katembezwa juu ya debe la mafuta lililopinduliwa na kutandikwa kanga. Bi Yuliana ndiye aliyetandika. Ina maana kimeza changu hawakukigusa. Watu gani hawa wasiothamini mninga!

Wale wanawake wa njegere wameshafika Mgeta, bila shaka wamekwisha kumwaga yote. Paskalia hajarudi. Natafuta chumvi tangu asubuhi. Katika nyumba hii chumvi hukaa wapi?

Jumatano, 18 Agosti

Wamekuja. Gabrieli na wazee wawili wa ukoo. Nilitoa shikamoo, wakaitikia vizuri. Nikatoa viti. Hawakukaa.

Gabrieli hakupandisha sauti hata kidogo, afadhali angepiga kelele. Kasema ukoo umekaa. Kasema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu na mbele ya maiti, nilitangaza kuwa si mkwe, ni mtani. Tena nilirudia ili kila mtu asikie, nao walisikia. Kwa hiyo wamekubali. Mtani ni mtu wa heshima, akija atapewa chakula, akifa watamzika. Lakini mtani halali na binti wa ukoo, wala hakai nyumba ya ukoo. Jumamosi niwe nimetoka.

Nikasema ulikuwa mzaha tu. Mzee mmoja akasema mzaha wa msibani haufutwi.

Nikasema basi, kisanduku hiki hapa, chukueni, chukueni hata sasa hivi! Nikakichomoa na nyaya zake zinaning'inia. Wakarudi nyuma wote watatu kama nimewanyooshea kaa la moto. Gabrieli akasema mimi mtani najua mila vizuri: kitu cha mtani hakirudishwi, hukombolewa. Nikasema haya, kikomboeni! Yule mzee akatazama dari, akasema wamezunguka kijiji kizima kutafuta kuku, hawakumwona.

Mgeta! Hawakumwona kuku Mgeta! Kuku wanalala mpaka juu ya madhabahu kule!

Nikauliza Paskalia anasemaje. Gabrieli akajibu kuwa Paskalia hasemi kitu tangu mazishi, anachambua maharage tu, akimaliza anayachanganya anaanza tena.

Hilo limenichoma. Sitaficha, limenichoma sana.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimehama kwa mkokoteni. Amplifaya, spika, mashine ya santuri, kisanduku, mkeka. Nguo zangu zimeenea kwenye ndoo.

Na nani kanisaidia kupakia? Hatibu! Kabeba spika moja begani mwake mpaka barabarani, anahema. Mkewe kanifungia mihogo kwenye jani. Nimewachukia kuliko siku zote.

Nimepata chumba nyuma ya Msamvu, cha udongo. Hakina umeme. Waya wa umeme unapita juu ya paa langu kabisa, unaelekea kwa mtu mwingine.

Alhamisi, 26 Agosti

Nilimwendea dereva wa trekta la kijiji cha ujamaa, nikamshawishi aniazime betri yake kwa siku za kutolima. Akanielewa. Nikamwita Kibwana aje aunge. Kibwana kasema Mtambo huu unataka umeme wa nyumba, betri ya trekta haiwezi kuwasha hata valvu moja ya kisanduku. Wakati tunabishana mwenyekiti wa kijiji akatokea na watu wake kuulizia betri. Dereva akasema nimemlaghai. Nikapelekwa kijijini kwao, nikaitwa mnyonyaji mbele ya shamba zima la pamoja, nikalimishwa nusu tuta.

Naumwa mgongo. Chumba kinanuka udongo. Natamani kusikia mtu akichambua mchele.

Jumapili, 29 Agosti

Paskalia kaja!

Nilikuwa nafua shati. Nikasikia hodi, nikaijua ile sauti kabla sijageuka. Kasimama mlangoni, kavaa nguo ya kanisani, vumbi la lori mpaka kwenye nyusi, kuku mtetea yuko kwapani. Kakonda. Nilitaka kumshika mkono ila mikono yangu ilijaa povu.

Hakukaa. Kazungumza kwa mkupuo, kama mtu aliyekariri njia nzima. Kasema kamlilia mama yake mpaka mama yake kachoka. Mama yake kamwendea Gabrieli. Gabrieli hakutaka, kataka, kakataa tena, mwisho kasema haya, apelekewe kuku. Mtani akimpokea kuku na kukitoa kisanduku, utani umekwisha, anarudi kuwa mkwe. Nitaomba radhi kwa mama, nitapasua kuni, Bikira Maria atasimama mahali pake, na ufunguo wa Mafiga uko kwenye pindo la kanga. Kanionyesha fundo. Kasema hata yeye alicheka kidogo, juzi, aliposikia habari ya mimi na betri ya trekta. Kasema nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nikasema moyoni, Dominiko, umepona.

Kisha nikamtazama kuku.

Mwembamba. Shingo haina manyoya. Kwa kitu kama kile! Kisanduku cha Mgiriki, valvu zinawaka zote, hakuna cha pili kutoka Morogoro mpaka Dodoma! Nikawaza: kama wameleta kuku bila kuombwa, maana yake wameanza kulainika. Na aliyeanza kulainika haachwi akakauka. Nikawaza zaidi. Wakileta mbuzi, mbuzi nambadilisha kwa santuri mpya. Na kisanduku nitakirudisha, ndiyo, bati lile na vifundo vyake vinne, lakini ya ndani Kibwana atakuwa amekwisha kuyatoa. Bikira Maria hana kazi na valvu. Mke ninaye, nyumba ninayo, Mtambo unalia. Nani angefikiria haraka hivyo, tena mikono ikiwa na povu?

Nikakohoa kidogo. Nikamwambia kuwa mtani haharakishwi. Nikasema nimepokea salamu za ukoo, lakini kwa kisanduku kile kuku mmoja ni kama matusi, warudi na mbuzi tuzungumze.

Paskalia akakitazama kisanduku kilipo, pembeni, juu yake nimeweka koroboi yangu, na mafuta yamedondoka kidogo kwenye vifundo. Akamhamishia kuku kwapa la pili. Akafungua fundo la kanga, akautazama ufunguo kama anausoma, akalifunga tena kwa meno. Akasema haya, baba. Akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka stendi ya malori. Hakugeuka, ana haraka ya kufikisha ujumbe.

Nimekifuta kisanduku vumbi. Koroboi imekaa vizuri juu yake, kimo chake ni kile kile hasa kinachotakiwa. Nimetafuta pia kamba ya kufungia mbuzi, nimeitundika mlangoni. Wataleta Jumamosi, au sana sana Jumapili. Namjua mke wangu.